Macho Hayana Pazia: Uhakiki wa Tathmini ya Mandhari ya Bahari

Uzito wa jiwe hupimwa kwa mizani, kina cha maji hupimwa kwa bildi, na urefu wa nguo hupimwa kwa dhiraa. Mizani ikiwa sawa haina mgomvi. Lakini sura ya bahari wakati wa machweo haina mizani, wala hakuna duka linaloiuza kwa pishi. Hata hivyo, katika zama hizi imezuka kazi ya kupima jambo hilo hasa. Mtu akitaka kusimamisha mitambo ya upepo baharini ili azalishe umeme, katika nchi nyingi hulazimishwa na sheria kueleza mapema jinsi bahari itakavyoonekana baada ya kazi yake. Maelezo hayo huandikwa, hupigwa chapa, hujadiliwa, na aghalabu huamua kama mitambo itasimama au haitasimama. Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Kinachowekwa mbele yake huingia bila ya kubisha hodi. Kwa sababu hiyo maandishi yanayojitwalia haki ya kusema kitakachoingia machoni mwa watu yanastahili kusomwa kwa uangalifu, kama yasomwavyo maandishi mengine yenye nguvu juu ya maisha ya binadamu.

Yaweza kuonekana ajabu kulitazama jambo hili kutoka Kibamba. Kibamba si mahali pa pwani. Iko upande wa magharibi wa Dar es Salaam, katika barabara ya Morogoro, baada ya Mbezi na kabla ya Kiluvya. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Mkaaji wake akitaka kukanyaga mchanga wa bahari hana budi kupanda daladala. Lakini umbali huo ndio unaoifanya Kibamba kuwa mahali pazuri pa kuanzia. Taa inayowashwa huko usiku haikuzaliwa huko. Tangu mwaka 2004 gesi ya kisiwa cha Songo Songo imesafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam kwenda kuzalisha umeme. Katika bonde la Rufiji bwawa lililopewa jina la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115, na mahali lilipojengwa palikuwa korongo la mto katika pori la Selous, lililoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Nyuma ya kila taa ya Kibamba yapo mandhari ya mahali pengine yaliyobadilika. Swali la nani anaona nini, na kwa faida ya nani, haliwezi kuachiwa wenye nyumba za ufukweni peke yao.

Kwanza yafaa kueleza tathmini ya mandhari ni maandishi ya namna gani. Uingereza, ambako kazi hii imepata umbo lake linaloigwa sana, mwongozo wake ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1995, ukarudiwa mwaka 2002, na tena mwaka 2013. Mwongozo huo unatenga mambo mawili: badiliko la mandhari yenyewe, na badiliko la kile wanachokiona watu. Kisha mtathmini huchagua vituo vya kutazamia, kama vile kilima, ufuko, gati au barabara. Katika kila kituo huuliza mambo mawili. Je, mtazamaji wa hapa ni mwepesi kiasi gani wa kuguswa na badiliko? Na badiliko lenyewe ni kubwa kiasi gani? Majibu hayo mawili yakikutanishwa, hutoka hukumu: athari ni ndogo, ya wastani, au kubwa.

Haitakuwa haki kuudharau utaratibu huu. Una fadhila yake, nayo ni kwamba huilazimisha hofu kuzungumza kwa kipimo. Mtu aliyeambiwa kwamba mitambo itajengwa baharini huweza kuifikiria kuwa ukuta unaoziba mbingu, na mfanyabiashara anayetaka kuijenga huweza kudai kwamba haitaonekana kabisa. Hesabu huwarudisha wote wawili mahali pao. Mtu mzima aliyesimama penye ukingo wa maji huona upeo wa bahari ulio umbali wa kilometa 4 na nusu au zaidi kidogo. Mtambo wenye kimo cha mita 200 unaweza kutokeza ncha yake mpaka umbali wa kilometa 55 hivi, hewa ikiwa safi. Ukiwa umbali wa kilometa 20, miguu yake hufichwa na mviringo wa dunia kwa kiasi cha mita 18, na mwili uliobaki huonekana kwa urefu unaokaribia upana wa mwezi mpevu. Si ukuta, wala si kitu kisichoonekana. Ni mwezi uliosimama kwa mguu mmoja, na ikiwa mitambo ni mia, ni miezi mia iliyopangwa safu.

Mtathmini mwaminifu husema hivyo, na akiisha kusema hivyo mjadala huwa na msingi. Kasoro huanza pale anapoacha kusema na kuanza kuonyesha picha. Ni desturi kupiga picha ya bahari kama ilivyo, na kuchora mitambo juu yake ili watu waone mambo ya kesho. Picha hiyo ina ushawishi kuliko maneno, na kwa hiyo ina hatari kuliko maneno. Ikipigwa kwa lenzi pana, vitu vya mbali husinyaa vikawa kama njiti za kiberiti. Ndiyo sababu wataalamu wanaojali kazi yao hushikilia lenzi ya milimita 50, na huwataka watazamaji waishike picha kwa umbali maalumu kutoka machoni. Hata ikipigwa kwa uaminifu wote, picha imekufa na mtambo u hai. Mapanga yake huzunguka, na jicho la binadamu limeumbwa kufuata kinachotembea. Usiku huwa na taa nyekundu za kuonya ndege, nazo huwaka mahali palipokuwa giza na nyota tangu kuumbwa kwa bahari. Picha ya mchana mmoja haiwezi kubeba mambo hayo, kama vile picha ya ngoma isivyoweza kusikika.

Mifano miwili ya ng'ambo yatosha kuonyesha nguvu ya maandishi haya, mmoja kwa wema na mmoja kwa shaka. Denmark ndiyo iliyotangulia kusimamisha mitambo ya upepo baharini, mahali paitwapo Vindeby, mwaka 1991. Ilikuwa mitambo 11 midogo, nayo iling'olewa mwaka 2017 baada ya kumaliza kazi yake. Mwaka 2000 ilisimama mitambo mingine mbele ya mji mkuu wa Copenhagen, mahali paitwapo Middelgrunden, karibu sana na bandari. Mpango wa kwanza ulikuwa wa mitambo 27 katika safu tatu. Watu wa mji waliusikiliza, wakaupinga, wakazungumza. Mwishowe ilijengwa mitambo 20 katika safu moja iliyopinda kama upinde, umbo lililopatanishwa na mstari wa ngome za kale za mji huo. Nusu ya mitambo hiyo ilimilikiwa na ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000. Hapa tathmini haikuwa hukumu ya ndiyo au la. Ilikuwa mazungumzo yaliyobadili umbo la kitu, na waliokitazama kitu hicho walikuwa pia wenye kukimiliki. Ni vigumu kujua kama upinde ule unapendeza kwa sababu ni upinde, au kwa sababu ni mali ya wanaoutazama. Yamkini ni kwa sababu zote mbili, na hilo ni funzo.

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Mwaka 2015 serikali ya huko ilikataa mradi mkubwa ulioitwa Navitus Bay, kusini mwa nchi, kwa sababu ungeharibu mwonekano wa bahari kutoka pwani yenye mandhari mashuhuri, ambayo sehemu yake imo katika Urithi wa Dunia. Waliofurahi walisema kwamba uzuri umeshinda. Lakini msomaji wa mbali ana haki ya kuuliza swali lisiloulizwa sana katika kurasa za tathmini. Umeme uliokataliwa hapo ungetafutwa wapi, na mbele ya macho ya nani? Uzuri uliolindwa mahali pamoja huweza kuwa ubaya uliopelekwa mahali pengine, kwa watu wasio na vituo vya kutazamia vilivyoandikwa kitabuni.

Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki huu. Mwongozo husema kwamba watazamaji hawalingani. Mwenye nyumba inayotazama bahari na mtembezi aliyekuja kustarehe huhesabiwa kuwa wepesi wa kuguswa, kwa sababu macho yao yameelekezwa kwenye mandhari. Mtu aliye kazini huhesabiwa kuwa mzito wa kuguswa, kwa sababu akili yake iko katika kazi. Kanuni hii yaweza kuwa kweli kwa karani aliyeinamia meza karibu na dirisha. Ikiletwa katika pwani ya Waswahili inakuwa kosa kubwa. Kazi ya mvuvi wa ngalawa ni kutazama. Huisoma rangi ya maji ajue penye mwamba na penye mchanga; huulinganisha mti wa nchi kavu na kilima kilicho nyuma yake ajue amefika mahali penye samaki; huyasoma mawingu ajue kusi inakuja kwa hasira au kwa upole. Bahari kwake ni kitabu anachokisoma kila siku kwa ajili ya chakula cha wanawe. Kumwandika mtu huyo kuwa na macho mazito, na kumwandika mgeni wa wiki moja kuwa na macho mepesi, ni kuligeuza jambo juu chini. Na mtambo uliosimama baharini kwake waweza kuwa alama mpya ya kumwongoza, au kizuizi cha njia ya jarife lake, au yote mawili. Jibu analo yeye, lakini jedwali la mtathmini halina chumba cha kuliandikia.

Mkaaji wa Kibamba naye ana fumbo lake. Kwa siku nyingi za mwaka jedwali halimjui kabisa, kwa kuwa yu mbali na ufuko. Lakini siku ya Idi au ya Mwaka Mpya huwachukua watoto wake, hupanda daladala na kwenda kuona bahari. Na siku hiyo, kwa mujibu wa mwongozo uleule, ni mtazamaji mwepesi wa kuguswa, sawasawa na mgeni wa hoteli. Mtu mmoja huwa na macho ya aina mbili kwa nauli ya daladala. Kanuni inayotoa majibu mawili juu ya mtu mmoja haijamjua mtu huyo bado.

Hadi sasa hakuna mitambo ya upepo iliyosimama baharini katika maji ya Afrika ya Mashariki. Lakini funzo lake limekwisha kufika kwa njia nyingine. Mkoani Iringa, katika Mufindi, mitambo 3 ya upepo ya mradi wa Mwenga ilianza kazi mwaka 2020, jumla ya megawati 2.4. Nchini Kenya vilima vya Ngong vimebeba mitambo tangu mwaka 1993. Karibu na Ziwa Turkana imesimama mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ilikamilika mwaka 2017, ikakaa ikingoja njia ya umeme ya zaidi ya kilometa 400, na ikaunganishwa mwaka 2018. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo hazikupatikana kwa njia halali. Uamuzi huo unafundisha jambo ambalo tathmini ya mandhari hulisahau. Mfugaji akitazama mnara uliosimama katika malisho haoni mstari mweupe tu mbele ya mbingu. Huona pia swali la nani alimwita mnara huo. Mandhari hayawezi kutenganishwa na haki iliyo chini yake.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na bahari ni wa Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Baadaye ulitungwa mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe katika bara ya Lamu, kiasi cha kilometa 20 kutoka mji huo, wenye megawati 1,050 na bomba la moshi la zaidi ya mita 200. Kwa hesabu iliyotangulia kutajwa, bomba hilo, mahali pasipokuwa na kizuizi, lingeonekana mjini kwa kimo cha mwezi mpevu, bila ya kuuhesabu moshi. Mwezi Juni 2019 baraza la kuamua mashauri ya mazingira la Kenya liliifuta leseni ya mradi. Sababu kubwa haikuwa ubaya wa bomba. Ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo ina hekima kuliko jedwali lolote la mandhari, kwa kuwa iligundua kwamba kabla ya kuuliza kitu kitaonekanaje, ni lazima kuuliza kama wenye macho waliitwa. Methali husema: asiyekuwapo na lake halipo.

Tanzania haina ukosefu wa sheria katika jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huidai miradi mikubwa tathmini ya athari kwa mazingira, na kanuni zake za mwaka 2005 hutaka taarifa iwe na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hilo ni jema. Lakini muhtasari ni mlango mwembamba, na mandhari ni kitu kipana. Taarifa yenyewe huandikwa kwa Kiingereza kwa mamia ya kurasa; kisha mandhari hupewa mistari michache, na katika mistari hiyo husemwa kwamba kutakuwa na "athari hasi ya wastani". Maneno hayo ni ya Kiswahili kwa sauti tu. Mvuvi wa Kunduchi akisomewa hatajua aseme nini, kwa sababu hakuna kilichosemwa. Lugha inayojua kutofautisha kaskazi na kusi, maji bamvua na maji mafu, haikosi maneno ya kueleza mtambo uliosimama baharini. Kinachokosekana ni nia ya kuyatumia. Mwandishi angeandika kwamba mtambo utaonekana kwa kimo cha mwezi mpevu, kwamba mapanga yake yatazunguka siku zenye upepo, kwamba usiku taa nyekundu zitawaka upande wa kutokea jua, na kwamba ngalawa zitatakiwa kupita umbali kadha wa kadha, angesomeka na kila mtu, na kila mtu angeweza kumjibu.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye vijiji vyenye kiu ya umeme haina nafasi ya kubishania machweo. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kujibiwa kwa dharau. Mama anayejifungua kwa mwanga wa kibatari hana haja ya kuambiwa habari za uzuri wa upeo wa macho. Lakini hoja hiyo hudhani kwamba mandhari ni anasa ya walioshiba, na dhana hiyo haina ushahidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kandokando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na barabara ya njia nane ikafuata. Barabara ile ina faida, na hakuna msafiri wa Kibamba asiyeijua. Lakini wakaaji wa huko wanajua pia maana ya kuamka na kuona mahali palipokuwa na ukuta, mwembe na kibaraza pamekuwa uwazi. Mjadala wa siku zile ulikuwa wa mipaka na fidia. Neno mandhari halikuwa na kiti mezani, kana kwamba ni neno la watu wa ufukweni tu. Aliyepoteza kibaraza alipoteza pia alichokuwa akikiona akiwa kibarazani, na kitu hicho hakikuwa anasa.

Hukumu ya haki juu ya tathmini ya mandhari basi ni hii. Hesabu yake ni nzuri na ishikwe. Picha zake zitazamwe kwa tahadhari, na zisitolewe bila ya maneno. Orodha yake ya watazamaji iandikwe upya, ili anayefanya kazi baharini awe wa kwanza badala ya kuwa wa mwisho, na anayetumia umeme mbali na bahari aambiwe taa yake inakotoka. Lugha yake iwe lugha ya wanaotazama, katika kitabu chote na si katika muhtasari pekee. Kazi isiyo na mambo hayo yaweza kuwa na majedwali sahihi na picha safi, ikawa bado ni barua iliyoandikwa juu ya watu bila ya kupelekwa kwao.

Huenda siku moja mitambo ikasimama katika maji yaliyo kati ya Dar es Salaam na visiwa, mapanga yake yakizungushwa na kusi ileile iliyosukuma majahazi. Siku hiyo familia ya Kibamba itashuka katika daladala, itavua viatu mchangani, na mtoto ataonyesha kwa kidole na kuuliza vile ni vitu gani. Mzazi aliyeulizwa mapema, kwa lugha yake, atakuwa na jibu la kumpa mtoto, liwe la sifa au la lawama. Mzazi ambaye hakuulizwa atatazama tu kama mtoto anavyotazama, kwa maana macho hayana pazia.